Mazoezi ni Dawa, Lakini Dozi Anaandika Nani?

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu hutoka kliniki na vitu viwili. Cha kwanza ni cheti cha dawa kilichoandikwa kwa ukamilifu: jina la dawa, nguvu ya kidonge, idadi ya vidonge, saa za kumeza na tarehe ya kurudi. Cha pili ni agizo la mdomo, ambalo mara nyingi hutolewa mgonjwa akiwa tayari amesimama: "Na ufanye mazoezi." Haelezwi mazoezi ya namna gani, kwa dakika ngapi, kwa siku ngapi katika wiki, wala ni dalili ipi ikimtokea anapaswa kusimama.

Mgonjwa msikivu hulitii agizo hilo. Huuliza mtaani, huelekezwa kwenye ukumbi wa mazoezi ulio karibu, hulipa ada ya mwezi, kisha hupokewa na mkufunzi ambaye wote humo humwita kocha. Kocha ndiye anayejaza nafasi iliyoachwa wazi kwenye cheti. Ndiye anayeamua mgonjwa akimbie kiasi gani, ainue kilo ngapi, ale nini, na mara nyingine hata ameze nini na aache kumeza nini. Mengi anayoyasema ni mema. Machache anayoyakosea yana uwezo wa kumlaza mtu wodini.

Jambo hili haliwahusu watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wengi wenye hali hizi hawajijui. Kwa hiyo katika kundi la watu ishirini wanaofanya mazoezi jioni katika jimu yoyote ya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, kuna uwezekano mkubwa kwamba kocha ana wagonjwa mbele yake, awe amewauliza au hajawauliza.

Wiki mbili za mama mmoja

Uchukuliwe mfano ambao si kisa cha mtu fulani, bali unakusanya pamoja makosa yanayojulikana. Mama wa miaka 52 ana presha na kisukari cha aina ya pili. Anatumia amlodipini na atenololi kwa ajili ya presha, na glibenklamidi kwa ajili ya sukari. Daktari amemwambia apunguze uzito.

Siku ya kwanza kocha anampima uzito na mzunguko wa kiuno. Hamuulizi ugonjwa wala dawa. Anachukua namba 220, anatoa umri wake, anapata 168, kisha anamwambia kwamba ni lazima mapigo ya moyo yafike walau 140 ndipo mafuta yaungue. Mama anapanda mashine ya kukimbilia. Anahema, miguu inamlegea, lakini saa ya mkononi inaonyesha mapigo 105. "Bado, mama," kocha anasema, "hujaanza kufanya kazi." Anaongeza kasi. Asichokijua ni kwamba atenololi huuzuia moyo kwenda mbio. Kanuni ya 220 kutoa umri ni makadirio ya jumla hata kwa mtu mwenye afya. Kwa anayetumia dawa za kundi hilo haifai kabisa. Mwili wa mama umeshafika ukomo wake, na saa haina namna ya kulijua hilo.

Siku ya tatu anaambiwa aache ugali, wali na chapati, na aje alfajiri bila kula chochote ili mwili uchome akiba yake ya mafuta. Anameza glibenklamidi kama alivyozoea, anakwenda. Dawa hiyo huliamrisha kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, na sukari inaanza kushuka. Kwa kawaida mtu ambaye sukari yake inashuka huhisi moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, na hizo ndizo kengele za hatari. Atenololi huzififisha kengele hizo. Kinachobaki ni jasho. Na ndani ya jimu jasho hupigiwa makofi.

Wiki ya pili magoti na mapaja yanauma, naye anashauriwa anunue diklofenaki ameze mara tatu kwa siku ili asikose mazoezi. Dawa hiyo huweza kupandisha shinikizo la damu, na kwa mtu aliyepungukiwa maji huweza kupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwishowe, anapolalamika kwamba amechoka mno, anapewa ushauri wa nne: "Hizo dawa ndizo zinazokuchosha, mama. Ziache kwanza, mwili utajitibu wenyewe kwa mazoezi." Atenololi haiachwi ghafla. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, hata mshtuko wa moyo.

Katika yote hayo manne, hakuna lililosemwa kwa nia mbaya. Kocha anataka mteja wake apungue, apate nguvu na arudi mwezi ujao. Tatizo ni kwamba ameshika mwili ambao hajaambiwa historia yake, na hospitali inayoijua historia hiyo haikumwandikia hata mstari mmoja.

Mabega si cheti

Anayemwamini daktari anaamini chuo, mtihani na leseni. Anayemwamini kocha mara nyingi anaamini mabega. Mabega hayo ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba kijana yule, kwa umri wake, urithi wake, muda wake na chakula chake, amefanikiwa kujijenga. Hayasemi lolote kuhusu moyo wa mzee wa miaka 60, wala kuhusu mgongo wa mama aliyejifungua miezi minne iliyopita. Hata hivyo zipo kauli zinazopita ndani ya jimu kana kwamba ni sheria, na zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni kwamba kadiri mtu anavyotoka jasho ndivyo anavyopungua. Kwa imani hiyo watu hujifunga mifuko ya nailoni tumboni au huvaa makoti mazito katika joto la mchana. Jasho ni maji na chumvi. Kilo iliyoondoka kwa jasho hurudi kwa maji ya kunywa, na isiporudi mwili uko hatarini. Mwaka 1997 nchini Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki ndani ya kipindi cha takriban mwezi mmoja, kila mmoja akijitahidi kupunguza uzito kwa kufanya mazoezi akiwa amevaa nguo zisizopitisha jasho na kujinyima maji. Walikuwa vijana wa miaka 19 hadi 22, wenye afya, wenye makocha. Baada ya vifo hivyo nguo za aina hiyo zilipigwa marufuku katika mchezo huo vyuoni. Funzo lililopatikana kwa gharama ya watu watatu halipaswi kulipiwa upya na mama mwenye presha anayetumia dawa ya kuongeza mkojo.

Ya pili ni kwamba mazoezi ya tumbo huondoa kitambi. Mazoezi hayo huimarisha misuli ya tumbo, nalo ni jambo jema, lakini mwili hauchomi mafuta mahali pale tu ambapo msuli unafanya kazi. Kauli hii ingekuwa na madhara madogo kama isingewafanya watu wenye maumivu ya mgongo kujikunja mara mia kila siku, wakizidi kuzibana pingili zilizokwisha kuchoka.

Ya tatu ni kwamba asiyeumia hajafanya kitu. Ni kweli kwamba misuli iliyofanya kazi mpya huuma kwa siku moja au mbili. Lakini mtu aliyekaa miaka kumi bila mazoezi, akachuchumaa na kuinuka mara mia tatu siku ya kwanza, anaweza kuvunja nyuzi za misuli yake kwa wingi. Zikivunjika, hutoa ndani ya damu protini inayoitwa mayoglobini, pamoja na potasiamu. Mayoglobini huweza kuziumiza figo. Potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Dalili huja saa chache hadi siku tatu baadaye: misuli iliyovimba na kukakamaa, udhaifu usio wa kawaida, na mkojo wa rangi ya kola au chai ya rangi. Aliyefikia hapo hahitaji kukandwa wala kidonge cha maumivu. Anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Hapa watumishi wa afya nao wana la kujifunza. Mkojo mweusi katika zahanati zetu huweza kudhaniwa kuwa kichocho, malaria kali au maambukizi ya njia ya mkojo. Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha damu, na hadubini isione seli nyekundu, swali linalofuata ni: "Ulifanya kazi gani ngumu au mazoezi gani siku hizi tatu?" Swali hilo halina gharama, na linaweza kuokoa figo.

Kauli hii ya maumivu ina uzito wa pekee katika nchi kama Tanzania, ambako selimundu imeenea. Wapo wengi waliorithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu. Hawaugui, na wengi hawajui kwamba wanayo. Utafiti uliofanywa katika jeshi la Marekani na kuchapishwa mwaka 2016, uliohusisha askari weusi karibu 48,000, uligundua kwamba waliokuwa na hali hiyo walikabiliwa na hatari ya kuvunjika kwa misuli kutokana na mazoezi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 54. Utafiti huohuo haukuona kwamba walikufa zaidi kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba hawahitaji kukatazwa mazoezi. Wanahitaji kuanza polepole, kunywa maji, kupumzika katika joto, na kuwa na kocha asiyewazomea wanaposema wamechoka.

Ya nne ni amri ya kushika pumzi na kusukuma. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliwapima watunisha misuli watano kwa mrija uliowekwa ndani ya mshipa wa mkono wakati wakisukuma uzito mkubwa. Walipousukuma kwa miguu yote miwili, wastani wa shinikizo lao la damu ulifika 320 juu ya 250, na mmoja wao alivuka 480 juu ya 350. Walikuwa watu wazoefu na wenye afya. Mtu mwenye presha ya 170 akiwa ameketi, au mwenye macho yaliyoathiriwa na kisukari, hana sababu ya kujaribu jambo hilo. Anaweza kuinua uzito, na inafaa ainue, lakini uwe mwepesi, autoe pumzi anaposukuma, na asifike mahali pa kutetemeka.

Kopo na sindano

Waswahili husema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kocha anayeuza unga wa kopo hana nafasi nzuri ya kumwambia mteja kwamba haumhitaji. Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi. Anayeinua uzito kwa bidii huhitaji zaidi, kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kilo. Yai moja lina gramu 6 hivi; maharage, dagaa, maziwa na kuku hujaza sehemu iliyobaki kwa bei ya sokoni. Unga wa protini wenyewe, kwa mtu mwenye figo nzima, si sumu. Kwa mgonjwa wa figo ambaye hajapimwa, kuongeza protini bila mpango ni kuongeza mzigo kwa punda aliyekwisha kuchechemea.

Kreatini, ambayo hutumiwa sana na vijana, nayo ina jambo ambalo watumishi wa afya wanapaswa kulijua. Inaweza kupandisha kidogo kipimo cha kreatinini katika damu bila figo kuwa na tatizo. Asiyeuliza juu ya kopo anaweza kumwambia kijana mzima kwamba figo zake zinashindwa.

Vidonge vya kupunguza mwili vina hatari kubwa zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa mara nyingi tahadhari juu ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya kupunguza uzito huku ndani yake mkiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Neno "asilia" kwenye lebo halithibitishi kilichomo ndani ya kopo.

Kisha kuna sindano za homoni. Kijana wa miaka 24 anapochomwa testosteroni ili kifua kipanuke, ubongo wake huona homoni imejaa katika damu na kuziamuru korodani zipumzike. Zinasinyaa, na mbegu hupungua au kuisha. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio ambamo sindano ya testosteroni ya kila wiki ilitumiwa kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, nayo ilifanya kazi. Wale walijua wanachochomwa na waliridhia. Kijana wa jimu anachomwa dawa ya kuzuia mimba akidhani ni dawa ya misuli, na mara nyingi huja kuulizwa habari zake miaka baadaye, ndoa ikiwa imekaa bila mtoto na lawama zikiwa zimeelekezwa kwa mke. Pamoja na hayo, homoni hizo hupunguza mafuta mazuri ya damu, huweza kunenepesha kuta za moyo, na huweza kuotesha matiti kwa mwanaume.

Lawama ya upande wa pili

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo na kuwaonya wagonjwa wasikanyage jimu. Huo ungekuwa ushauri mbaya kuliko yote yaliyotajwa. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, huisaidia insulini kufanya kazi, huimarisha mifupa, hupunguza sonona na humwezesha mzee kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Kwa wagonjwa walio wengi, hatari ya kukaa ni kubwa kuliko hatari ya kujongea. Isitoshe, kocha ana kitu ambacho daktari hana, nacho ni muda. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu. Kocha humwona mara tatu kwa wiki, humjua kwa jina, na hugundua mapema kuliko yeyote kwamba leo hayuko sawa.

Kwa hiyo swali la haki ni kwa nini hospitali imeliacha jambo hili lijiendeshe. Daktari asiyeweza kuandika "kunywa dawa za presha" bila kutaja dawa na kipimo huandika "fanya mazoezi" bila wasiwasi. Anayeagiza bila kipimo hana haki kamili ya kumlaumu aliyekisia kipimo. Zaidi ya hayo, mgonjwa anaporudi na jeraha hupokewa kwa karipio: "Nani alikutuma jimu?" Jibu la kweli ni kwamba alitumwa na kliniki hiyohiyo. Baada ya karipio kama hilo hujifunza kuficha. Haelezi habari za kopo, haelezi habari za sindano, wala hasemi kwamba aliacha dawa wiki tatu zilizopita.

Itasemwa kwamba foleni ni ndefu na muda hautoshi. Foleni ni ndefu kweli. Lakini mistari mitatu kwenye kadi ya kliniki haimalizi dakika moja, na inaweza kuandikwa na muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa mama wa mfano uliotajwa ingetosha kuandika hivi: "Atembee kwa haraka dakika 15, siku 5 kwa wiki, aongeze dakika 5 kila wiki hadi 30. Ainue uzito mwepesi siku 2 kwa wiki bila kushika pumzi. Anatumia atenololi na glibenklamidi: asipimwe kwa mapigo ya moyo, asifanye mazoezi akiwa na njaa, asiache dawa." Karatasi hiyo, ikifika mkononi mwa kocha, ingezuia karibu kila kosa lililosimuliwa hapo juu.

Badala ya mapigo ya moyo kuna kipimo kisichohitaji saa. Mtu anayefanya mazoezi ya wastani anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Asipoweza kumaliza sentensi, apunguze. Waliokimbia mchakamchaka shuleni wanajua kwamba kiongozi aliyeanzisha wimbo akiwa mbio sana hakuitikiwa na mtu.

Kipimo cha jumla nacho kinajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2. Mwongozo huo unasisitiza pia kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna, na kwamba mtu aanze kidogo na kuongeza taratibu. Mwenda pole hajikwai.

Yanayowezekana kuanzia kesho

Kocha mwadilifu hahitaji kuwa daktari. Anahitaji kuuliza kabla ya uzito wa kwanza: Je, una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au pumu? Unatumia dawa gani? Umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukifanya kazi? Una selimundu, au ipo katika familia? Una ujauzito, au umejifungua karibuni? Una maumivu ya mgongo au ya kiungo? Anahitaji pia kujua mipaka mitatu. Dawa ya hospitali haianzishi wala haiachishi. Mteja mwenye presha ya 180 juu ya 110 au zaidi akiwa amepumzika haanzi mazoezi siku hiyo. Anamwona daktari kwanza. Na anayebanwa kifua, anayeishiwa pumzi kupita kiasi, anayeona kizunguzungu au kuchanganyikiwa, husimama mara moja, na kama hapati nafuu hupelekwa hospitali.

Mwenye jimu anaweza kununua mashine moja ya kupimia presha kwa gharama ndogo kuliko kioo kimoja cha ukutani, kuweka sukari na maji ya kunywa mahali panapoonekana, na kubandika ukutani namba ya simu ya hospitali iliyo karibu. Baadhi watahofu kwamba maswali mengi yatawakimbiza wateja. Mteja aliyeulizwa afya yake kwa heshima hujiona yuko mikononi mwa watu makini. Anayekimbiza wateja ni yule aliyezimia sakafuni mbele ya wenzake.

Mgonjwa naye si mtoto wa kubebwa. Ana haki ya kumuuliza kocha alijifunza wapi, na kumuuliza daktari mazoezi gani, kwa kiasi gani. Anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya mazoezi kama ana kipimo; ikiwa chini ya 5, ale kitu cha wanga kwanza, na siku zote awe na sukari au juisi karibu. Anayepewa unga au kidonge alete kopo lake kliniki liangaliwe, bila kuona haya. Na asiye na fedha za ada ajue kwamba hakupoteza tiba: kutembea kwa haraka barabarani kabla jua halijakali ni dawa ileile.

Vyuo vinavyofundisha madaktari, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia vina sehemu yao. Mwanafunzi anayehitimu akijua vipimo vya dawa hamsini bila kujua namna ya kuandika kipimo cha matembezi amehitimu na pengo. Makocha nao wafunguliwe mlango wa mafunzo mafupi, wakae darasa moja na watu wa fiziotherapia, wajifunze dawa chache zinazobadilisha mwili wakati wa mazoezi na dalili chache zisizosubiri. Wengi wangekuja. Wengi wao hukosea kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kesho asubuhi, katika kliniki fulani, mgonjwa atasimama kuondoka na daktari atataka kumwambia afanye mazoezi. Amwombe aketi tena kwa dakika moja, aichukue kadi yake, na aandike.